Kuhamisha vyombo vya nyumba kutoka ng'ambo hadi Lamu: anza kupima mlangoni

Kila upepo wa kusi unapokaribia kwisha, simu yangu huanza kulia. Leo ni binamu aliyeko Birmingham, kesho ni mtoto wa jirani aliyekulia Muscat, keshokutwa ni mtu nisiyemjua aliyepewa nambari yangu na shemeji yake. Wengine wanarudi nyumbani, wengine wanakuja kukaa Lamu kwa mara ya kwanza, na maswali yao ni yale yale. Nije na friji? Kabati litapita? Kontena linafika Lamu kwenyewe? Mpaka sasa nimewapokelea jamaa zangu mizigo ya nyumba nne, kutoka bandari ya Kilindini, Mombasa, mpaka chumbani, na kila mzigo ulinifundisha jambo ambalo laiti ningelijua mapema. Nimeyaandika hapa ili ukipakia, upakie ukijua.

Kosa kubwa ni hili: watu hupanga safari ya kutoka London hadi Mombasa kwa makini sana, kisha kutoka Mombasa hadi nyumbani wanasema "tutajua hukohuko". Meli ndiyo sehemu rahisi. Vyombo huvunjika, hulowa na hukwama kwenye mwendo wa mwisho: Mokowe (gati la bara la kuvukia Lamu), mashua, gati, kichochoro, mlango. Kwa hiyo mwongozo huu unaanzia mlangoni.

Kama unahamia Malindi, una nafuu. Lori litakufikisha nyumbani, na hatua za kuvuka maji hazikuhusu. Mengine yote ni yako pia, kwa maana hewa ya chumvi ni ileile.

Kabla hujaanza, uwe na hivi

- Mtu wa kuaminika aliyeko Lamu, mwenye tepu ya kupimia na muda wa kutembea mitaani.
- Pasipoti yako, pamoja na pasipoti za zamani kama bado unazo. Mihuri ya kuingia na kutoka ni ushahidi wako.
- PIN ya KRA (Mamlaka ya Mapato ya Kenya) inayofanya kazi. Kama uliisahau miaka kumi, ifufue sasa.
- Uthibitisho wa kuishi nje: kibali cha makazi, mkataba wa nyumba, barua ya kazi, bili za umeme.
- Kwa asiye Mkenya, kibali cha kuingia na kukaa nchini.
- Wakala wa forodha wa Mombasa mwenye leseni, umeshazungumza naye kabla kontena halijafungwa.
- Katoni imara za kuta mbili, selotepu pana, kalamu ya wino usiofutika, blanketi kuukuu, na vifuko vya kunyonya unyevu.
- Daftari moja. Simu huzima.

Hatua ya 1: Pima kutoka chumbani kurudi gatini

Mji wa kale wa Lamu, ulioingizwa na UNESCO kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2001, haukujengewa magari wala makabati ya milango mitatu. Vichochoro vingine hupitisha punda mmoja na mtu aliyejibana ukutani. Mwambie mtu wako atembee njia yote kutoka gatini hadi kwako na apime sehemu tano: kichochoro pale kinapobana kabisa, kila kona kali, mlango wa nje, zamu ya ngazi, na chumba chenyewe.

Kona ndiyo inayowadanganya wengi. Kochi lenye upana wa sentimita 90 linapita kichochoro cha mita moja bila shida, lakini likifika kwenye kona halipindi kwa sababu ya urefu wake. Nimeona dawa moja tu: chukua fito nne, zifunge kwa kamba mpaka zipate urefu na upana wa kile kitu, kisha watu wawili watembee nazo hadi mlangoni. Fito zikikwama, kitu kitakwama.

Halafu kuna chumba. Nyumba zetu za mawe zimeezekwa kwa boriti za mikoko, na urefu wa boriti ndio unaoamua upana wa chumba. Ndiyo maana vyumba ni virefu na vyembamba, mara nyingi chini ya mita tatu kwa upana. Kitanda kikubwa cha Kizungu hukiingiza ukabaki na nafasi ya kupita kwa ubavu.

Shangazi yangu alileta kabati kutoka Leeds. Lilivuka bahari salama, likashuka Mombasa salama, likavuka kutoka Mokowe bila mkwaruzo. Likafika mtaa wa Mkomani, hatua chache tu kutoka mlangoni, likakataa kona. Lililala dakani (barazani penye mlango) kwa jirani miezi miwili, watu wakilitumia kuanikia nguo, mpaka fundi akaja na msumeno. Shangazi alilipenda kabati lile, na mimi ningeweza kumwepushia uchungu ule kwa fito nne.

Hatua ya 2: Amua kinachokuja na kinachobaki

Acha huko vitu vya mbao za unga zilizogandishwa kwa gundi, zile za kununua na kujifungia mwenyewe. Unyevu wa pwani huzivimbisha, skrubu hutoka, na mwaka wa pili rafu zimeshapinda. Fundi wa Lamu atakutengenezea kitanda cha mti wa kweli kwa kipimo cha chumba chako, nacho kitakaa miaka. Acha pia makochi ya ngozi, maana ukungu huyapenda. Magodoro makubwa huchukua nafasi nyingi kontenani na kunyonya kila harufu njiani, nayo yanauzwa hapa.

Njoo na cherehani, vifaa vya ufundi, sufuria nzito za chuma kisichoshika kutu, vyombo vya udongo ulivyozoea, vitabu unavyovisoma kweli, na vitu vya kumbukumbu. Watoto waruhusu waje na vitu vyao hata kama havina thamani. Mtoto aliyehama nchi anahitaji kuona kitu chake cha jana akiamka.

Vyombo vya umeme vinataka uangalifu. Kenya inatumia volti 240 na mzunguko wa 50 kwa sekunde (Hz), na soketi ya pini tatu bapa kama ya Uingereza. Vyombo vya Uingereza, Oman na Imarati vitafanya kazi kama vilivyo. Vya Marekani ni vya volti 120 na mzunguko wa 60, ukivichomeka moja kwa moja vitaungua. Vya Saudi Arabia huwahadaa watu: volti zinakaribiana na zetu, lakini mzunguko ni 60. Simu na kompyuta hazijali. Friji, feni na mashine za kufua zenye mota ya kawaida hujali. Mota huenda polepole, hupata moto kupita kiasi na hufa mapema. Soma kibandiko cha nyuma. Kikiandikwa 50/60, njoo nacho. Kikiandikwa 60 peke yake, kiuze huko.

Gari? Sheria inamruhusu mkaazi anayerudi kuingiza gari moja alilolimiliki na kulitumia nje kwa angalau miezi 12, kwa masharti yake. Lakini mji wa Lamu hauna barabara ya kuliendesha, litaegeshwa Mokowe likila chumvi. Kwa anayekaa kisiwani sioni faida yake.

Hatua ya 3: Weka karatasi sawa kabla ya kufunga katoni ya kwanza

Msamaha wa ushuru kwa mtu anayehamisha makazi umo kwenye Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Afrika Mashariki ya 2004, Jedwali la Tano. Unahusu nguo na vyombo vya nyumba ulivyokuwa ukivitumia mwenyewe huko ulikotoka. Kwa mkaazi anayerudi, KRA huangalia kama umeishi nje angalau miaka miwili, na kama katika miaka miwili hiyo hukukaa Kenya jumla ya siku 90 au zaidi. Jumlisha likizo zako zote, harusi na misiba pia. Watu wengi hushtuka wakizihesabu.

Mambo matatu ya kuzingatia:

Kwanza, mzigo unatakiwa uingie ndani ya siku 90 tangu uwasili. Muda unaweza kuongezwa kwa maombi, lakini hauvuki siku 360. Msamaha unamfuata mtu, kwa hiyo usitangulize kontena likakusubiri bandarini huku wewe bado unamalizia kazi huko.

Pili, kitu kipya ndani ya boksi lake la dukani si chombo ulichokitumia. Televisheni tano zilizofungwa si vyombo vya nyumba moja. Zitatozwa ushuru, na mbaya zaidi, zitamfanya afisa atazame kila katoni yako kwa jicho la shaka. Kama una zawadi mpya, zitaje wazi kwenye orodha na uwe tayari kulipia.

Tatu, pasipoti, vyeti, dhahabu na hati za nyumba hazipandi meli. Kaa nazo mkononi. Nimemwona mtu mzima akiwa karibu kulia Mombasa kwa sababu karatasi za kutolea kontena zilikuwa ndani ya kontena.

Mbegu, miche na udongo vinahitaji kibali cha KEPHIS (shirika la serikali la afya ya mimea), hata kama ni kijitawi cha mrehani wa bibi. Droni inahitaji idhini ya mamlaka ya usafiri wa anga. Pembe za ndovu na vitu vilivyochongwa kwazo usivikaribie, hata kama ni urithi.

Hatua ya 4: Kontena zima au kuchangia?

Kontena la futi 20 lina takriban mita za ujazo 33, lakini ukipakia vyombo vya nyumba, 25 hadi 28 ndizo utakazozipata kweli. Hiyo ni nyumba ya vyumba viwili au vitatu. La futi 40 lina karibu 67, na sijaona nyumba ya mji wa kale inayolihitaji.

Kama mzigo wako hauvuki mita za ujazo kumi, changia kontena na wengine. Ni nafuu, lakini ujue kasoro yake: mzigo wa mwenzako ukiwa na tatizo la forodha, na wako unangoja. Omba makadirio kutoka kampuni tatu, na kila moja iandike bei inaishia wapi. "Hadi Mombasa" ni maneno yanayoficha mengi. Gharama za bandari, ghala, ukaguzi na kushusha zimo au hazimo? Lipate jibu kwa maandishi.

Kuhusu bima, sema mambo mawili na wakala. Ukifunga katoni mwenyewe, bima nyingi hazilipi kilichovunjika ndani, hulipa tu mzigo ukipotea au kuharibika wote. Na bima iandikwe hadi mlangoni Lamu, isiishie bandarini. Usiache bima kabisa. Meli ikipata ajali na nahodha akalazimika kutupa shehena ili kuiokoa, kwa sheria ya bahari wenye shehena wote huchangia hasara ile, na asiye na bima huzuiliwa mzigo wake mpaka aweke dhamana.

Hatua ya 5: Chagua majira

Lenga mzigo ufike kati ya Desemba na katikati ya Machi, wakati wa kaskazi, njia kavu na bahari tulivu. Epuka Aprili hadi Juni. Masika ya Lamu hayana huruma, na Mei ndiyo mwezi wenye mvua nyingi kuliko yote. Mto Tana ukifurika, barabara karibu na Garsen na Gamba hukatika na malori yakalala njiani.

Tangu mwishoni mwa 2023 meli nyingi za kutoka Ulaya ziliacha kupita Bahari ya Sham kwa sababu ya mashambulizi, zikazunguka Rasi ya Tumaini Jema. Safari ikarefuka kwa wiki kadhaa. Muulize wakala meli yako inapita wapi, kisha ongeza mwezi mmoja kwenye hesabu yoyote atakayokupa.

Angalia pia kalenda yetu. Wiki ya mwisho ya Mfungo Sita, wakati wa Maulidi, mji hujaa wageni na huwezi kupata punda wala hamali kwa bei ya kawaida. Mchana wa Ramadhani usiwabebeshe watu friji, mwogope Mungu. Ijumaa mchana kazi husimama.

Hatua ya 6: Funga kwa ajili ya unyevu, kisha kwa ajili ya punda

Kontena hutoa jasho. Mchana jua hulichoma, usiku hupoa, na unyevu uliofungiwa ndani hugeuka matone darini na kudondokea vitu. Ukipakia siku ya mvua Manchester, umeifungia mvua hiyo ndani kwa wiki nane. Kwa hiyo:

- Kausha kila kitu. Friji izime, ifute na uiache wazi siku mbili. Iweke mlango ukiwa umeachwa upenyo kwa kipande cha kitambaa, la sivyo utafungua na kukuta ukungu mweusi.
- Nguo ziwe zimefuliwa, zimekauka na kupoa. Weka kafuri au karafuu kati ya mikunjo.
- Tundika vifuko vikubwa vya kunyonya unyevu kwenye kuta za kontena, na vidogo ndani ya kila katoni. Mkaa mkavu ndani ya soksi husaidia pia.
- Usigusishe vitu kwenye dari wala ukuta wa kontena. Tandaza makatoni matupu juu ya mzigo yapokee matone.
- Vyuma vyote, skrubu, mikasi, vyombo vya ufundi, vipake mafuta kidogo.
- Usivifunge viti vya mbao kwa plastiki pande zote, vitachemka. Tumia blanketi au karatasi nzito.

Mifuko ya plastiki ya dukani usiitumie kufungia. Kenya iliipiga marufuku tarehe 28 Agosti 2017.

Kama unatengeneza sanduku la mbao au kutumia paleti, mbao ziwe zimetibiwa kwa kanuni ya kimataifa ya ISPM 15, yaani zimepashwa joto mpaka kiini kifike nyuzi 56 kwa dakika 30. Zina muhuri wenye suke la ngano na herufi HT. Mbao zisizo na muhuri huleta wadudu, na zinaweza kuuzuia mzigo wako bandarini.

Sasa punda. Katoni isizidi kilo 20. Funga mbilimbili, zenye uzito sawa, uzipe nambari ya jozi: 7A na 7B, 8A na 8B. Punda hubeba pande mbili, na upande mmoja ukizidi mzigo hupinda, mnyama huumia mgongo na vyombo huanguka. Nilipowaambia jamaa zangu jambo hili walicheka kwenye simu. Jozi zao zilipofika, wenye punda walizipakia bila kubishana hata dakika moja, na hakuna kikombe kilichovunjika. Vitabu ndivyo vinavyowashinda watu: katoni ndogo, nusu vitabu, nusu nguo.

Vitanda, meza na makabati yafungue yote. Skrubu zake zitie kwenye kifuko cha kitambaa na ukifunge kwenye kipande chenyewe. Usizikusanye zote kwenye mkebe mmoja, hutajua ipi ya nini.

Hatua ya 7: Andika orodha kama shahidi

Kila katoni: nambari, vilivyomo, hali yake, thamani yake ya sasa kwa kitu kilichotumika. "Vitu vya jikoni" si maelezo. "Sufuria 6 kuukuu, sahani 12, birika 1" ni maelezo. Toa nakala nne: yako, ya wakala, ya bima, na ya mtu wako wa Lamu. Piga picha ndani ya katoni kabla ya kuifunga, na picha ya kontena likiwa wazi kisha likiwa na lakiri yake, nambari ya lakiri ionekane. Nje ya katoni andika nambari tu. Ukiandika "kamera", umemwandikia mwizi barua.

Hatua ya 8: Mombasa

Wakala wako ndiye anayeingiza hati kwenye mfumo wa KRA, lakini wewe uwepo, na pasipoti yako iwepo. Hati ya shehena, ile watu wa bandarini wanaiita BL, iwe na jina lako kama lilivyo kwenye pasipoti, herufi kwa herufi. Herufi moja tofauti inatosha kukukalisha wiki nzima.

Siku za bure za kuhifadhi bandarini ni chache, na zikiisha gharama hupanda kila siku. Halafu kontena lenyewe ni la kampuni ya meli: litataka lirudi tupu kwa tarehe yake. Hii ndiyo sababu sishauri kulisafirisha hadi Mokowe. Lishushwe Mombasa, mzigo uhamishiwe kwenye lori au kenta yenye turubai zuri, kontena lirudi hukohuko. Simama mwenyewe na orodha mkononi ukihesabu kila nambari ikishuka. Kila malipo yawe na risiti.

Utaulizwa, "kwa nini usishushie Bandari ya Lamu?" Bandari mpya ya Magogoni ilipokea meli yake ya kwanza tarehe 20 Mei 2021, nasi tunajivunia. Lakini kazi yake kubwa imekuwa shehena kubwa za kuhamishwa kutoka meli moja hadi nyingine. Panga kwa Mombasa, isipokuwa wakala akuoneshe kwa maandishi kwamba meli yako itashusha huku. Na hata ikishusha, Magogoni ni bara. Mashua na punda wanabaki palepale.

Hatua ya 9: Barabara hadi Mokowe, kisha maji

Kutoka Mombasa hadi Mokowe ni zaidi ya kilomita 300, kupitia Malindi, Garsen na Witu. Lori litoke Mombasa alfajiri mno, au lilale Malindi na litoke kulipokucha. Usikubali dereva apite kipande cha Garsen hadi Mokowe usiku. Safari za usiku huko zimepigwa marufuku mara kadhaa kwa sababu za usalama, na vizuizi vya polisi ni vingi. Nakala za karatasi za forodha ziwe na dereva.

Mokowe ndipo ninapokuomba usikimbie. Kabla lori halijatoka Mombasa, mtu wako awe amekwisha kuzungumza na nahodha na kuuliza maji. Uliza bamvua (siku maji yanapojaa na kupwa kupita kawaida) ni lini, maji yanajaa saa ngapi. Maji yakijaa, mashua husimama karibu na gati na katoni hupita mkono kwa mkono. Yakipwa, utabeba friji ukishuka vidato vyenye utelezi, au mashua ikwame matopeni upande wa Lamu. Kama unaendelea Pate au Faza, kwenye kisiwa cha Pate, mambo ni magumu zaidi, kwa kuwa mkondo wa Mkanda, njia nyembamba ya maji kati ya Manda na bara, haupitiki kwa mashua iliyojaa mzigo ila maji yawe yamejaa.

Patana bei tatu mbali mbali, mbele ya watu, kabla ya kugusa mzigo: kushusha lorini, kuvusha, na kupeleka nyumbani. Waoneshe mahamali vitu vizito kabisa kwanza. Bei iliyopatanwa bila kuonesha friji itazua ugomvi friji ikitokea, na haki itakuwa yao.

Ndani ya mashua, vizito chini na katikati, turubai juu na chini pia, maana maji hukusanyika ngamani, chini kabisa ya chombo. Wakati wa kusi usivuke alasiri upepo ukiwa mkali. Asubuhi ni bora. Mpe nahodha neno la mwisho kuhusu hali ya bahari. Akisema tungoje, ngoja.

Hatua ya 10: Gatini hadi chumbani

Mtu mmoja abaki gatini, mmoja awe mlangoni, kila mmoja na orodha. Vikubwa hupita kwa mkokoteni barabara ya pwani hadi mdomo wa kichochoro, kisha mabegani. Jozi za katoni hupanda punda. Usiruhusu punda azidishiwe ili kupunguza safari moja. Lamu ina kliniki ya punda tangu mwaka 1987, na inatosha kuona wanaopelekwa pale kujua mzigo wa pupa hufanya nini.

Waambie majirani siku moja kabla. Njia ni ya wote, na jirani aliyeambiwa atakufungulia daka lake kivuli kiwe cha katoni zako.

Katoni usiziweke sakafuni wala zisiegemee ukuta. Mchwa wanatoka humo. Zipandishe juu ya mbao au matofali, na karatasi zote za katoni zitoke nyumbani ndani ya wiki.

Mambo yakikwama

*Kitu hakipiti kona.* Usisukume, ukuta wa chokaa utabomoka kabla ya kitu. Kirudishe mahali penye upana, kifungue miguu, milango na mgongo. Kikikataa bado, uliza kama nyumba ya jirani ina mlango wa pili upande wa pili wa mtaa. Mara mbili nimepitisha kitu kwenye ua wa nyumba ya jirani, kwa ruhusa na kwa shukrani.

*Friji haifanyi kazi.* Ulisafiri nayo ikiwa imelala? Isimamishe saa 24 kabla ya kuiwasha, mafuta yarudi mahali pake. Na uitie kifaa cha kukinga umeme unaopanda na kushuka.

*Mzigo umezuiwa forodhani.* Muulize wakala swali moja: ni karatasi gani inayokosekana, na nani ameiomba? Akijibu kwa mzunguko, nenda naye ofisini mwenyewe. Usitoe pesa isiyo na risiti, itaita nyingine.

*Katoni zimelowa.* Piga picha kabla ya kugusa chochote, mwandikie wa bima siku hiyo hiyo, kisha anika. Vitabu visimamishe wima kivulini penye upepo, kurasa zimeachana. Jua kali litavikunja. Ukungu kwenye nguo fua kwa maji yenye siki, halafu anika juani siku mbili.

*Vumbi laini la mbao chini ya kiti.* Ni wadudu wanaotoboa. Kitenganishe kiti hicho na vingine leo, kitoe juu ya paa juani, kipake dawa matunduni, na usikirudishe ndani mpaka vumbi likome kabisa.

*Katoni moja haipo.* Rudi kwenye orodha ya kila kituo: kontenani, lorini, mashuani, gatini. Iliyohesabiwa mara ya mwisho wapi, hapo ndipo pa kuulizia. Mara moja 12B yetu ilikutwa nyumba ya tatu kutoka kwetu. Punda alikuwa ameizoea njia ile kuliko ile aliyoelekezwa, na mwenye nyumba alikuwa ameiweka mahali pakavu akimngoja mwenyewe.